Nusu ya Kichwa Iliyobaki

Jumapili ile Kocha alifagia chumba chake cha kusukia kama mtu anayetafuta ugomvi na sakafu. Alifagia pembe zisizo na vumbi, akasogeza vitu visivyohitaji kusogezwa, akapangusa kioo mpaka kikalia, kisha akakipa mgongo asijione uso. Ng'ambo ya njia fundi simu alikuwa ameweka spika mlangoni tangu kumekucha, na spika ilikuwa na wimbo mmoja tu, ule wa mashabiki wa Chungwa. Ukifika mwisho, unaanza upya.

Sita kwa bila. Mtu akifungwa moja husema ni bahati mbaya. Akifungwa mbili, humtaja mwamuzi. Tatu, atamtaja mwalimu wa timu, na nne, atawataja viongozi na matumbo yao. Sita hazina wa kusingiziwa. Sita unakaa nazo kifuani kama maji uliyoyanywa kwa haraka, hayapandi wala hayashuki.

Jina la Kocha alipewa na wateja wake. Alikuwa msusi, na hakuna aliyewahi kukaa mbele yake akaondoka na nywele peke yake. Aliondoka pia na maelezo ya mechi. Alichora njia za mistari kwa ncha ya chanuo huku akieleza: hapa utosini ndipo kiungo wetu anaposimama, hapa nyuma ya sikio ndipo beki wao anapoacha pengo, na krosi inapita hivi. Mteja alihisi krosi ikipita kichwani mwake, akaelewa mpira kuliko mumewe. Timu ya Kocha ilikuwa Zambarau, na mlango wa chumba, taulo, vibanio, hata ndoo ya maji ya kuoshea, vyote vilikuwa na rangi hiyo.

Mapenzi hayo yalianzia getini. Mama yake aliuza maji ya baridi nje ya uwanja, na wakati wa mapumziko mlinzi wa geti alikuwa akiwafungulia watoto waingie bure. Kwa hiyo utoto wake wote Kocha aliona vipindi vya pili tu. Alikuja kujua akiwa mtu mzima, alipoanza kujilipia kiingilio, kwamba mpira huanza wachezaji wakiwa wasafi. Pengine ndiyo maana hakuwahi kukata tamaa mapema. Kwake yeye, lolote la maana lilitokea baada ya mapumziko, na kutoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho ilikuwa tabia ya watu wasio na haya.

Jana alitoka. Bao la nne lilipoingia alisimama, akawaambia waliokaa naye kwamba anafuata maji, akashuka ngazi, akapita geti lile lile la mama yake, na hakurudi. Bao la tano alilisikia akiwa barabarani, kelele ikimjia mgongoni kama kofi. La sita lilimkuta karibu na nyumbani. Hakumwambia mtu. Lakini jukwaa zima lilimwona akishuka, na jukwaa lina mdomo.

Mumewe, fundi seremala, mtu wa maneno machache na randa kali, aliingia na kikombe cha chai akakiweka dirishani.

"Mke wangu," akasema, "ni mchezo tu."

Kati ya yote aliyoyasikia tangu jana, yakiwemo matusi ya waziwazi, hakuna lililomchoma kama hilo. Angemwambia jambo. Angemuuliza kama mbao nazo ni miti tu. Lakini hakuwa na nguvu, na chai ilikuwa na sukari ya kutosha, basi akanywa, akaungua ulimi, na hilo nalo akaliweka kwenye hesabu ya Chungwa.

Kilichomkera zaidi ya spika na zaidi ya chai kilikuwa njiani kinakuja, kimefungwa kitambaa. Kilikuwa kichwa cha wifi yake, na nusu ya kichwa hicho haikuwa imesukwa.

Wifi huyu ni dada mdogo wa seremala, na ni Chungwa wa kufa na kuzikana. Mwaka Kocha alipoolewa, mawifi wengine walimpokea kwa midomo ya pembeni. Huyu alimpokea kwa kumuuliza timu yake, na alipoambiwa ni Zambarau alishika kichwa akasema kaka yake ametupwa shimoni. Tangu siku hiyo hawakuachana. Walitaniana jikoni, walitaniana hospitalini, walitaniana mpaka msibani mtu mzima mmoja akawaomba wangoje walau kaburi lifukiwe. Sasa wifi alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, kwa kuchelewa na kwa kurudia, na amepangiwa shule ya mbali sana. Basi lake lilikuwa la saa tisa alasiri hiyo hiyo. Kesho asubuhi angesimama mbele ya wanafunzi waliopanga mstari, mwalimu mpya, na kila jicho la shule nzima kichwani mwake.

Alikuwa amekuja kusukwa Jumamosi asubuhi, mapema, apate kumaliza kabla ya mechi. Walipofika nusu, upande wa kushoto umekwisha, mistari myembamba inapanda kutoka sikioni na kukutana utosini, Kocha aliweka chanuo chini. Alisema anataka kuwahi kiti kizuri uwanjani. Wifi alimwomba amalizie, akamkumbusha kwamba ana safari.

"Nusu hii nyingine," Kocha alijibu, "nataka niisuke kesho kwa mkono wa ushindi. Nikusuke huku nakuhesabia mabao. Uende huko shule ukiwa umenyooka."

Ndiyo hivyo. Hakuna aliyemlazimisha. Maneno yale aliyatoa mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, huku akivaa jezi.

Na hilo halikuwa peke yake. Kulikuwa na sheria ya kiti.

Chumbani mle mlikuwa na viti viwili, vyote kazi ya seremala: kiti kikubwa cha mikono chenye mto, na kigoda kifupi. Siku zote msusi hukaa kwenye kiti, mteja hukaa kwenye kigoda katikati ya magoti yake, na kichwa chake hukiegemeza pajani kwa msusi. Misimu minne nyuma, Zambarau walipokuwa wakishinda kila walipokutana na Chungwa, Kocha alitunga sheria kwa ajili ya wifi peke yake: wiki ya mechi yao, aliyeshinda atakaa kwenye kiti na aliyeshindwa atakaa kigodani. Ilikuwa sheria nzuri sana. Msusi alikaa pale pale anapokaa siku zote, ila sasa alikaa kama mfalme, na wifi alikaa pale pale chini, ila sasa alikaa kama mateka. Misimu minne hakuna aliyeona kasoro yoyote katika sheria hiyo, angalau hakuna aliyekuwa juu.

Wifi aliingia. Alikuwa na begi la safari, ameviringisha kitambaa kichwani, na upande mmoja ulikuwa umevimba kwa nywele zisizosukwa. Kocha alikuwa amejiandaa kwa vigelegele, kwa wimbo, kwa vidole sita puani. Hakupata hata kimoja. Wifi alipiga goti kidogo mlangoni.

"Shikamoo, Kocha."

Wenzako wa rika lako hawakuamkii hivyo kwa heshima. Kocha hakuitikia. Wifi akavuka chumba taratibu, akapiga mto makofi mawili kutoa vumbi ambalo halikuwepo, akaketi kwenye kiti cha mikono, akanyoosha viwiko vyake kila upande.

"Kumbe huku juu kuna upepo," akasema.

"Una basi la kuwahi," Kocha akajibu. "Toa hicho kitambaa."

Alijaribu kwanza kukaa kigodani nyuma ya kiti kama sheria inavyotaka. Akiwa pale chini aliona mgongo wa kiti na kisogo. Basi akakisukuma kigoda kwa mguu, akasimama, akachukua chanuo.

Kusuka ukiwa umesimama si kazi ngeni duniani. Wapo wanaofanya hivyo maisha yao yote na mistari yao imenyooka kama reli. Lakini mkono wa Kocha ulijifunza umekaa. Ulizoea kichwa kilicholala, shingo iliyolegea, goti linalozuia bega lisihame. Sasa kichwa cha wifi kilikuwa wima, kimekakamaa, kikigeuka kila fundi simu alipopaza spika. Na mkono wenyewe haukuwa na amani. Kila ukifika kwenye kuvuta, ulivuta kwa ajili ya jambo jingine.

"Wifi," mwenye kichwa akalalamika, "hiki ni kichwa. Kipa wenu yuko kwao."

"Kipa wetu alizibwa macho na jua."

"Yote sita?"

"Tulia, nitakuchoma na chanuo."

Halafu wifi akaanza kama mtu anayewaza kwa sauti. Akasema kwake yeye lile la kwanza lilikuwa la kawaida, na la tatu lilikuwa zuri, lakini lililomtoa machozi ni la tano. Akamuuliza Kocha, yeye kama mtaalamu, alilionaje la tano.

Kocha alivuta nywele tatu, akazipishanisha, akavuta tena. Akasema lilikuwa bao la kubahatisha. Wifi akauliza kubahatisha kivipi. Akasema beki aliteleza. Kocha, aliyesimama nyuma asiuone uso wa wifi, alijua tu kwa namna masikio yalivyopanda kwamba mtu huyu anacheka kimya kimya. Beki hakuteleza. Hata kama aliteleza, Kocha hakuwepo, na wifi alijua kwamba hakuwepo. Kocha akasuka kwa kasi, mstari baada ya mstari, afike mwisho, amwondoe mtu huyu kwenye kiti, afunge mlango, alale.

Seremala ndiye aliyeharibu mambo, na hakukusudia. Alipita kuchukua kikombe, akasimama mbele ya dada yake, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule, akafumba jicho moja kama anavyofanya akipima ubao.

"Huku na huku," akauliza, "amesuka mtu mmoja?"

Kocha akazunguka mbele.

Upande wa kushoto, ule wa jana asubuhi, mistari ilipanda kutoka sikioni kama watu wanaokimbilia sherehe, myembamba, imeinama pamoja, inakutana utosini bila kusukumana. Upande wa kulia mistari ilikuwa minene, imelala, inateremka kuelekea shingoni kabla ya kukumbuka kupanda. Ilivutwa hata ngozi ya paji la uso imenyanyuka, na nyusi moja ya wifi ilikuwa juu kuliko mwenzake. Alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa swali gumu akalijibu nusu.

Wifi akaomba kioo. Kocha akasema bado. Wifi akanyoosha mkono akakichukua mwenyewe, akajitazama muda mrefu, na utani wote ukamtoka usoni kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Kesho naingia darasani," akasema polepole.

"Naijua kesho."

"Watoto wa siku hizi, wifi. Watanipa jina kabla sijaandika tarehe ubaoni."

Kocha alikichukua kioo, akakiweka kando. Alianza kufumua. Alifumua upande mzima wa kulia, akachana, akapaka mafuta, akagawa njia upya, akainama kwa namna ambayo ingeifanya mikono ifikirie kwamba imekaa. Alipiga magoti juu ya kigoda, akapepesuka. Aliinama mpaka mgongo ukamuuma hadi kwenye meno. Alisuka mistari mitatu, akarudi nyuma kuitazama, na mistari ile mitatu ilikuwa imelala vile vile, mikaidi, kama mabeki wa jana. Akaifumua tena. Meno mawili ya chanuo yakakatika yakabaki nyweleni. Akalitupa chanuo ukutani, na hata ukutani halikutoa sauti ya kuridhisha.

Ng'ambo ya njia wimbo uliisha, ukaanza upya.

Alijua anachohitaji, alikijua tangu mwanzo. Alihitaji kiti chake. Alihitaji kichwa kile kishuke, kilale pajani pake kama kilivyolala jana. Lilikuwa neno moja tu la kusema, na neno hilo halikutaka kutoka, kwa sababu kwa misimu minne alikuwa amekataa kulisikia. Wifi alipoumwa mgongo mwaka juzi akaomba akae juu kidogo, Kocha alimwambia sheria ni sheria.

Hatimaye akasema, akitazama pembeni.

"Shuka, wifi. Kaa kigodani. Siwezi hivi."

Alitegemea kicheko. Wifi hakucheka. Aliweka mikono yake miwili juu ya mikono ya kiti, akaishika.

"Sishuki."

"Nywele zako hizo, siyo zangu."

"Najua ni zangu. Sishuki." Sauti yake haikuwa ya utani tena. "Unaikumbuka ile mechi mliyotufunga tatu?"

Kocha aliikumbuka. Angeweza kumtajia waliofunga na dakika zao.

"Siku ile nilikuwa nimetoka chuoni kuangalia matokeo. Nimefeli, naambiwa nirudie mwaka. Sikuwa na pa kwenda, nikaja hapa. Nikajisemea, nikisukwa nitapata kulia nimeinama bila mtu kuniona. Ukanikalisha hapo chini, ukanifunika kile kitambaa chenu cha zambarau, ukanisuka huku unaimba. Umeimba mwanzo mpaka mwisho, wifi."

Chumba kilikuwa kidogo, na maneno hayo yalikijaza chote. Seremala, aliyekuwa bado ameshika kikombe, alikumbuka kwamba ana kazi mahali, akatoka.

"Hukuniambia," Kocha akasema.

"Ungenyamaza?"

Hapo Kocha alitafuta jibu la kweli, na jibu la kweli halikumpendeza. Aliikumbuka siku ile. Aliikumbuka kuwa siku nzuri. Alikumbuka hata mabega ya wifi yakitikisika katikati ya magoti yake, na yeye akadhani ni hasira ya mabao, akafurahi, akapandisha wimbo. Alikuwa ameshika kichwa cha mtu mikononi kwa saa nzima asijue kilichomo.

Alikasirika. Alimkasirikia wifi kwa kunyamaza, akajikasirikia kwa kuimba, akawakasirikia wale kumi na mmoja wa jana kwa sababu wao ndio waliomleta mpaka hapa, na fundi simu kwa sababu yupo. Hasira ilikuwa nyingi na pa kuiweka hapakuwepo. Akaokota chanuo lenye mapengo. Akakitazama kiti, akamtazama aliyekikalia, akakitazama kigoda kilichokuwa kimelala ubavu karibu na ukuta.

Kisha akaanza kuondoa vitu mezani.

Ile meza ilikuwa kazi ya kwanza ya seremala baada ya ndoa, mbao nene, miguu minene, meza ambayo wapangaji wawili waliwahi kushindwa kuihamisha. Kocha alishusha chupa za mafuta, vibanio, sanduku la nyuzi, vyote vikaenda sakafuni. Alikisogeza kiti, pamoja na wifi juu yake, mpaka mgongo wake ukagusa meza. Wifi alishika mikono ya kiti kwa nguvu, akidhani anang'olewa.

"Nimekwambia sishuki."

"Nani kakwambia ushuke?"

Akakichukua kigoda, akakiweka juu ya meza. Akavua viatu. Akapanda, kwanza goti moja, halafu la pili, akijishika ukutani, akiguna kama mama yake alivyoguna akijitwika ndoo za maji, akajiketisha juu ya kigoda juu ya meza. Kichwa chake kilikaribia dari. Balbu ilikuwa sikioni mwake kama hereni. Akashusha miguu yake, mmoja huku na mmoja huku, akaikanyagisha kwenye mikono ya kiti. Na hapo, katikati ya magoti yake, pale pale kinapokaa siku zote, kikawa kichwa cha wifi.

"Mshindi kitini," akasema, akihema. "Mshindwa kigodani. Sheria ndiyo hiyo. Haya, lala."

Wifi alibaki wima kwa kitambo. Kisha shingo ikalegea kidogo kidogo, na kichwa kikainama, kikaegemea paja.

Dirisha la chumba lilitazama njiani, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Haikuchukua muda. Mama mmoja aliyepita na kikapu alisimama, akarudi hatua kadhaa nyuma kuhakikisha. Wakaja wengine. Fundi simu alitoka nje ya kibanda chake, akayakinga macho na jua, akamwona Kocha, yule ambaye tangu jana jioni alikuwa hajaonekana barabarani, amekaa karibu na paa kama kuku aliyepanda darini kutaga.

"Kocha," akaita, "hata huko juu mabao yanafika."

Watu wakacheka. Kocha aliuma meno. Aliwasikia wote, na kila kicheko alikijua mwenyewe kwa jina. Lakini mikono ilikuwa imefika nyumbani. Ilishika nywele, ikagawa njia kwa meno yaliyobaki, na mstari wa kwanza ukapanda kutoka sikioni bila kuombwa. Hakuweza kushuka na hakutaka kushuka. Kigoda kilikuwa kinatikisika kila alipohema, na kama angehama kidogo wote wawili wangekwenda chini.

Alisuka mistari kadhaa ndipo akasema, kwa sauti ndogo, kwamba beki hakuteleza.

"Najua," wifi akajibu kutoka pajani.

"Nilitoka baada ya la nne."

"Najua, wifi. Nilikuona ukishuka. Jukwaa letu lote lilikuona. Tulikupungia mikono."

Kocha akafumba macho. Akafungua. Akapishanisha nywele tatu.

"Nieleze la tano."

"Utaumia."

"Nimeshaumia. Nieleze, nisiendelee kulisikia kwa fundi simu."

Basi wifi akamweleza. Hakumhurumia hata chembe, wala Kocha hakutaka kuhurumiwa. Alianzia mbali, kwa kipa wa Chungwa aliyeurusha mpira, akamfuata winga aliyekimbia nao mstarini, akamwonyesha kwa kidole kwenye kichwa chake mwenyewe: hapa utosini ndipo kati ya uwanja, yeye akaja hivi, nyuma ya sikio hapa, beki wenu akabaki anamtafuta mahali alipokuwa zamani. Akamweleza mpira ulivyopigwa kwa mguu usiotarajiwa, ulivyopinda, na kimya kidogo kilichotokea kabla wavu haujatikisika. Mwalimu mpya alikuwa anafundisha. Alifundisha vizuri, kwa utaratibu, akirudia penye ugumu.

Kocha alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa ameotea," akasema.

"Hukuwepo."

"Kwa hayo uliyonieleza, alikuwa ameotea. Mtu hawezi kufika hapo nyuma ya sikio peke yake."

Wakabishana. Walibishana la tano mpaka mistari ikafika nusu, wakabishana la sita mpaka ikakaribia shingo. Kwa lile la sita Kocha hakupata cha kusema, hata kwa kudanganya, akalaani tu kimoyomoyo na kuvuta nywele. Wakati fulani wimbo ulinyamaza; labda fundi simu alipata mteja. Mgongo ulimwuma, nyayo ziliingia ganzi kwenye mikono ya kiti, na hasira yake ilikuwa pale pale, haikupungua. Ila sasa haikuwa mikononi.

Alipofunga mstari wa mwisho alimwita mumewe aje amshushe. Seremala akaja, akamshika kiuno, akamteremsha kama kabati. Akafumba jicho moja akakipima kichwa cha dada yake, kushoto, kulia. Akatikisa kichwa kukubali. Hakusema ni mchezo tu.

Kituoni walifika kwa kukimbia, seremala mbele na begi. Hawakupata muda wa kuagana vizuri, jambo lililokuwa heri. Kocha alimrekebishia wifi kola ya blauzi ambayo haikuwa na tatizo, akamwambia asilalie upande mmoja usiku, afunge kitambaa, asikubali mtu yeyote huko shule amguse nywele. Wifi akasema ndiyo kwa kila neno. Basi lilipoanza kusogea, uso wake ukaonekana dirishani, mistari imepanda pande zote mbili sawasawa, nyusi zake zikiwa usawa mmoja. Akabandika mikono yake kwenye kioo. Mkono mmoja ulikuwa na vidole vitano. Wa pili ulikuwa na kimoja.

"Alikuwa ameotea," Kocha akamwambia kioo, na basi likaondoka na jibu lake.

Walirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani Kocha alimwambia mumewe atangulie, akavuka njia, akasimama mbele ya kibanda cha fundi simu. Fundi simu alipomwona alijiandaa kukimbia au kucheka, hakuwa ameamua. Kocha akanyoosha mkono.

"Nionyeshe la tano."

Akaonyeshwa. Akaomba lirudishwe nyuma. Likarudishwa. Akalisimamisha kwa kidole pale mpira unapoondoka mguuni, akaisogeza simu karibu na macho, akamtafuta winga, akamtafuta beki, akaupima mstari kwa ukucha mrefu wa msusi. Beki alikuwa karibu na goli kuliko winga kwa bega zima. Hakuwa ameotea. Hakukaribia hata kuotea. Lilikuwa bao safi, na lilikuwa bao zuri, na lile pengo nyuma ya sikio lilikuwa pale pale wifi alipolionyesha.

"Unasemaje, Kocha?" fundi simu akauliza.

Kocha akamrudishia simu yake.

"Kioo chako kichafu," akasema, akaenda zake.

Chumbani, kigoda kilikuwa bado juu ya meza. Alikitazama, akaona hana nguvu za kukishusha, akaanza kuokota chupa za mafuta sakafuni. Likizo ya shule ilikuwa mbali, na mechi ya marudiano ilikuwa mbali zaidi. Habari ya lile bao la tano angemwambia wifi, mwalimu mwenyewe, uso kwa uso, akija. Likizo hii inayokuja, au ile ya baadaye.